MBOLEA YA RUZUKU NI YA NANI?



Twauliza swali moja tu, na twaliuliza kwa sauti ili lisikike kutoka Nkololo hadi Dutwa: fedha ya ruzuku inamfikia mkulima yupi?

Siku ya Nane Nane mwaka 2022, mjini Mbeya, Serikali ilizindua ruzuku ya mbolea. Shilingi bilioni 150 zilitengwa kwa msimu wa 2022/23, na mfuko wa DAP wa kilo 50 ukawekewa bei ya Sh. 70,000 kwa mkulima aliyeandikishwa. Jambo jema, hatulipingi. Lakini ruzuku hiyo yafuata mfuko. Anunuaye mifuko 40 asaidiwa mara 40, anunuaye mmoja asaidiwa mara moja, na asiyenunua hapati hata senti. Na sisi wa Bariadi twalima nini? Pamba! Tangu enzi za wazee pamba yetu yaota kwa samadi, au bila kitu. Adui yake ni wadudu, na kwa misimu mingi dawa ya wadudu tulilipa wenyewe kwa makato katika kila kilo tuliyopeleka mizanini. Mkulima alijipa ruzuku mwenyewe, kisha akaambiwa apige makofi.

Wako wanaosema zirudi vocha. Vocha twazijua. Zilianza mwaka 2008, kwa mahindi na mpunga; Serikali ilibeba nusu ya bei na mkulima ajaze nusu. Maskini aitoe wapi nusu hiyo? Na majina yalichaguliwa na kamati ya kijiji. Uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kama 60 kwa mia ya vocha ziliangukia kaya za viongozi wa vijiji. Sitini kwa mia! Ikiwa mambo yalikuwa hivyo Kilimanjaro, penye shule kila kilima, nani atatuapia kwamba huku Usukumani yalikuwa bora? Wala tusimtafute mkoloni hapa. Waliokula ni ndugu zetu, na wengine wana kadi kama zetu.

Miaka ya 1950 wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walipunjwa mizanini na wanunuzi wa pamba. Hawakukaa nyumbani kulalamika. Waliweka waangalizi wao wasimame kando ya mizani, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, vyama hivyo vikawa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Hawakuomba huruma ya mtu. Walitaka kuiona mizani kwa macho yao.

Mizani ya leo ni daftari la majina. Basi twataka jina la kila aliyepokea, na idadi ya mifuko yake, lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa ukutani, la mwenyekiti likiwemo, na yetu sisi makatibu pia. Dawa na mbegu za pamba, zikigawiwa, nazo zisomwe hivyo hivyo, chupa kwa chupa. Mwanachama atakayesimama kuuliza asiitwe mkorofi. Na kila tawi la Bariadi lidai mkutano huo kabla ya mvua za Novemba, maana mbegu zikishaingia ardhini kila mtu yuko shambani kwake na daftari limefungwa.