Ripoti Itarudi, Daftari Lako Je?

Jamani, tuambiane ukweli. Wewe unayejaribu soko la fyucha la Marekani nyumbani kwako, unahifadhi nini? Kila Ijumaa CFTC, msimamizi wa soko hilo, hutoa bure ripoti ya nani alishika mikataba mingapi Jumanne. Unainakili mara tatu! Ya nini? Miaka ya nyuma imo kwenye tovuti yao. Serikali yao ilipofungwa Desemba 2018 ripoti zilikwama, lakini 2019 zilitolewa zote.

Daftari la biashara zako, sababu za kununua na kuuza, programu uliyoandika mwenyewe, vyote viko kwenye kompyuta moja. Ikiibwa, CFTC haina nakala. Nakili hivyo leo: diski moja nyumbani, nyingine kwa shangazi. Kisha zifungue uhakikishe zinasomeka.