Nyumba Isiyokwisha

Mtu akitoka kanisani Jumapili na kuifuata njia ya kisimani, hapa kwetu katika nyanda za juu za Iringa, atahesabu kuta nyingi za matofali ya kuchoma zisizo na paa. Ndani mmeota magugu, na mbuzi hulala kivulini mwake. Mwenyewe yu hai, tena ana nguvu. Akaa na watoto sita katika chumba cha kupanga karibu na soko, naye hulipa kodi kila mwezi. Tukimwuliza, hujibu kwamba ajenga nyumba ya kisasa. Mimi nasema hajengi nyumba, ajenga sifa.

Wako watakaokasirika kwa neno hili, na wakasirike. Maana mambo haya nimeyaona. Mwezi wa Julai, mahindi yamekauka na bei i chini, naye huuza magunia yote apate kununua mabati. Ifikapo Februari ghala ni tupu, hununua mahindi yale yale kwa bei kubwa, na asipokuwa na fedha hukopa. Basi bati moja limelipwa mara mbili, na watoto wamelala njaa, hali bati lenyewe lingali limeegemezwa ukutani.

Tena ni bati gani? Dukani kuna geji 28, 30 na 32, na wengi hudhani kwamba hesabu ikizidi, na ubora umezidi. Sivyo kabisa. Hesabu ikizidi, bati ni jembamba zaidi.

Na matofali je? Tanuri hula kuni mchana na usiku. Kilima huisha miti, kisha wake zetu huenda mbali kutafuta kuni za kupikia. Gharama hiyo haiandikwi katika daftari la fundi. Hulipwa na shingo zao.

Walakini iko njia nyingine. Katika miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, alitengeneza mashine ya mkono ya kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Mashine za namna hiyo zipo Tanzania, na nyingine hutoa matofali ya kufungamana, yasiyochomwa kwa moto. Saruji sehemu 1 yatosha udongo sehemu 10, na pengine zaidi.

Si kila udongo ufaao. Ule mweusi wa shambani haufai, na mfinyanzi mtupu hupasuka. Chukua chupa isiyo na rangi, tia udongo hata theluthi, jaza maji, tikisa sana, kisha iache hata kesho. Mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa ndio mwingi, anza kazi. Matofali yakishatoka, yaweke kivulini, yafunike, na kuyanyunyizia maji siku 7 kwa uchache. Fundi mwenye haraka ndiye aiharibuye kazi hii, kisha huisingizia mashine.

Watasema kwamba nyumba ya udongo ni aibu. Nami nakiri kwamba nyumba za fito za wazee wetu ziliangushwa na mchwa, sizitetei. Nanena habari za msingi wa mawe, ukuta wa udongo na saruji, na paa lenye upenu mpana wa kuukinga ukuta na mvua. Tena vyumba viwili tu kwanza. Viezeke, uhamie, uache kulipa kodi. Chumba cha tatu kitaungwa mwaka utakapokuwa mwema. Aibu ni ipi, kukaa katika vyumba viwili vyako, au kuwaonyesha wageni magugu ya vyumba saba?

Mashine yenyewe si lazima iwe ya mtu mmoja, maana kaya kumi zaweza kuichangia, ikazunguka nyumba hata nyumba. Sisi tumeanza kuchanga tangu mavuno. Asiye na fedha huleta gunia la mahindi, nalo hatutaliuza kabla ya Februari.