Vali ya Tabo Si ya Kila Gari



Hapa shuleni, hasa katika vidato vya juu, mazungumzo ya motokaa hayaishi, na siku ya wanafunzi wa zamani huzidi maradufu. Mengi ni upuuzi mtupu. Lakini moja ni la maana, kwa kuwa linagusa mifuko ya watu: ile vali ndogo ya kuongeza nguvu ya tabo, ambayo fundi huifunga kwa nusu saa, na ambayo bei yake haifiki bei ya tairi jipya. Wengi waisifu. Mimi nasema kwamba katika magari mengi ya tabo tunayoyaona hapa Uganda vali hiyo haifai kabisa, nami nitatoa sababu zangu, maana kukataza bila kutoa sababu ni kazi ya viranja.

Kwa wadogo zetu ambao hawajapata kuinama chini ya boneti, nitaeleza kwanza tabo ni nini. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi unaotoka katika injini. La pili huvuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidi, na nguvu huongezeka. Lakini nguvu ikiongezeka moshi pia huongezeka, na moshi huzidi kuzungusha tabo. Kama pasingekuwa na kizuizi, mambo yangepanda hivyo mpaka chuma kipasuke. Kwa hiyo waliounda gari waliweka kilango cha kando, ambacho kikifunguka moshi hupita bila kuligusa gurudumu. Kilango hicho huvutwa na kikopo chenye kiwambo na springi, na hewa ya tabo hufikishwa katika kikopo kwa mpira mwembamba. Hewa ikiishinda springi, kilango hufunguka.

Vali yetu hukatiza mpira huo mwembamba. Ndani yake mna gololi iliyokandamizwa na springi, na juu yake pana skrubu. Hewa haipiti mpaka iisukume gololi, basi kikopo huchelewa kupata habari, kilango hukaa kimefungwa, na tabo huendelea kushindilia. Kaza skrubu, msukumo unapanda, legeza, unashuka. Ni ufundi mzuri, sikatai. Mvulana yeyote anayesoma fizikia aweza kuuelewa, na ndiyo sababu unatupendeza.

Sasa niseme hoja iliyo bora ya wale wanaoitetea, maana si haki kupigana na hoja dhaifu na kuiacha yenye nguvu. Wao husema kwamba nchi yetu iko juu, na urefu huu unatuibia hewa. Ni kweli. Pale Mombasa hewa hukandamiza kwa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Kampala, kiasi cha meta 1,200 juu ya bahari, ni karibu paundi 12.7. Kabale, penye meta 2,000 hivi, ni kama 11.5 tu. Chukua gari lenye tabo ya kushindilia paundi 14 za geji. Pwani injini hupata jumla ya 28.7, Kabale hupata 25.5. Basi, wasema, kwa nini tusikaze skrubu kidogo ili geji isome 17 na zaidi, tukarudishiwa haki yetu? Hata historia iko upande wao. Bwana Alfred Büchi wa Uswisi alipata hati ya uvumbuzi wa jambo hili mwaka 1905, na mwaka 1918 Sanford Moss alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya meta 4,000, ili kuonyesha kwamba tabo yaweza kuipa injini hewa ya pwani hata kileleni.

Lakini angalia hesabu ile ile kwa upande wa tabo. Pwani huchukua hewa ya 14.7 na kuifanya 28.7, yaani chini kidogo ya mara mbili. Kabale, ili ifike pale pale, lazima iikaze hewa mara mbili na nusu. Maana yake izunguke kwa kasi zaidi, na hewa itoke ikiwa ya moto zaidi. Ukipima jumla ya hewa tu utaona umerudishiwa haki yako. Ukipima joto utaona umekopa. Kompyuta za magari mengi ya siku hizi hupima hewa ya mahali gari lilipo, na zikiona liko milimani hupunguza msukumo kwa makusudi. Zilifundishwa hivyo na watu waliolijua joto hilo.

Nimetaja kompyuta, na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika magari kama Subaru Impreza na Forester zenye tabo, msukumo haukuachiwa springi peke yake. Pana vali ya umeme katika mpira ule mwembamba, nayo huendeshwa na kompyuta. Tena injini imewekewa kifaa cha kusikiliza kugonga, yaani ile hali ya mchanganyiko wa hewa na petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa utaratibu. Kompyuta ikisikia kugonga hufanya mambo mawili: huchelewesha cheche ya plagi, na huweza kupunguza msukumo wa tabo. Jambo hili si geni, maana Saab wa Uswidi waliliweka katika magari yao mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa fundi anapofunga vali ya gololi hutoa ile vali ya umeme katika njia. Waya zake huziacha zimechomekwa ili taa ya hitilafu isiwake, na mwenye gari akaamini kwamba mambo yote ni salama. Kompyuta bado yasikia. Bado yaweza kuchelewesha cheche. Lakini mkono wake mmoja umekatwa: ikisema "punguza hewa", hakuna anayetii, maana gololi ni kiziwi. Umelinyima gari mlinzi aliye macho ukaajiri jiwe.

Kuna mafundi wanaokwenda mbali zaidi. Gari likikata petroli kwa sababu msukumo umepita mpaka, wao huweka kidude cha kuidanganya kompyuta ili isijue. Juu ya hilo sina haja ya kuandika mengi. Mwenye kuziba mdomo wa mtu anayepiga kelele za moto hana hoja.

Mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye kwangu ni kaka, alikuwa na Forester ya tabo aliyokuwa akibebea abiria wa kukodi. Fundi mmoja mjini alimfungia vali na kuipima kwa sikio na kwa makalio, yaani kwa jinsi kiti kilivyomsukuma mgongoni. Geji haikuwako. Majuma mawili yalikuwa ya furaha. Kisha siku moja, akipanda mlima na watu wanne na mizigo yao, gari likaanza kutoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imevunjika kati ya ringi na ringi. Injini nyingine ilinunuliwa, na fedha yake ilikuwa ndiyo ada ya watoto wake wawili. Yule mdogo alikaa nyumbani nusu ya muhula akichunga mbuzi. Fundi alisema kosa ni la petroli. Yawezekana! Magari haya yaliundwa kwa Wajapani, ambao petroli yao ya daraja la juu huwa na oktani ya 100 hivi, na kipimo chao cha sheria hakiruhusu ipungue 96. Lakini kama petroli yetu ni dhaifu kuliko ile, je, hiyo ni sababu ya kuongeza msukumo, au ya kuuacha chini ya ulinzi wa anayesikia?

Tena magari yenyewe yamezeeka. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilikataza kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15, lakini yale yaliyokwisha kuingia yangali yakitembea, na mipira yao imekauka kama ngozi ya ngoma. Wengi hawajui kwamba mpira wa kikopo ukichomoka au ukipasuka kilango hakifunguki tena, na tabo hushindilia bila mpaka. Klipu mbovu ya bei ya peremende yatosha kuua injini.

Je, nasema vali hii itupwe? La. Yako magari ya zamani ya tabo, kama Volvo 240 Turbo, ambayo springi ya kikopo ndiyo iliyokuwa bwana tangu kiwandani, wala hapakuwa na vali ya umeme ya kunyang'anywa kazi. Mwenye gari la namna hiyo, akitaka, na afunge, ila anunue geji kwanza na vali baadaye. Skrubu aanze nayo ikiwa imelegezwa yote. Asikaze zaidi ya nusu mzunguko kabla ya kujaribu, na amtafute mtu wa pili wa kuisoma geji, maana dereva macho yake ni ya barabara. Na atazame kama vali ina tundu dogo la kupumulia, kwa kuwa hewa ikikosa pa kutokea baada ya gololi kujifunga, kilango kitakawia kurudi.

Na yule ambaye vali yake ya umeme imekufa, naye hana fedha za nyingine, fundi asimshawishi kwa gololi. Mpira wa tabo uunganishwe moja kwa moja na kikopo. Springi itafungua kilango mapema, gari litakuwa zito kidogo milimani, lakini litafika, na litaendelea kufika mpaka fedha ipatikane.

Najua nitajibiwa. Mmoja wa wanafunzi wa zamani aliniambia kwamba Impreza yake imekaa na vali ya gololi miaka miwili bila dosari, na kwamba Colin McRae hakushinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 kwa kuogopa skrubu. Hakuogopa, lakini Subaru yake ilikuwa na kundi la mafundi waliomngoja na vyombo vyao kila kituo. Kuhusu hiyo miaka miwili, ningependa kujua geji yake husoma ngapi akipanda kwenda Kabale, na hutia petroli gani. Akiwa tayari kutuandikia, Mhariri na ampe nafasi katika toleo lijalo, hata kama itabidi makala yangu mengine yangoje.

Mwanafunzi wa Kidato cha VI