Droo ya kombe la kata isifanyikie ofisini

Karagwe ina kata 23, Kyerwa ina 24. Kila kata ikileta timu moja kwenye kombe la mtoano, hesabu inagoma. Ili zibaki timu 16, Karagwe lazima tisa zipite raundi ya kwanza bila kucheza; Kyerwa nane. Nani apite bure? Hapo ndipo mlango wa figisu unapofunguka.

Anayepita anapumzika nyumbani. Mwenzake anatoka Murongo hadi Nkwenda juu ya Fuso, anapiga dakika 90 na penalti, kisha baada ya siku mbili anakutana na miguu mibichi.

Kupita bila kucheza si dhambi. CAF inafanya hivyo kila msimu, ila kwa pointi za miaka mitano ambazo kila klabu inazijua. Na si tiketi ya ushindi: Oktoba 2021 Simba ilianzia raundi ya pili Ligi ya Mabingwa, ikashinda 2-0 Botswana, halafu Jwaneng Galaxy wakaja kwa Mkapa wakaichapa 3-1 na kuitoa kwa mabao ya ugenini.

Waandaaji waige hilo. Waliofika nusu fainali mwaka jana wapewe nafasi zao. Zinazobaki zipigiwe kura uwanjani, mbele ya manahodha wote. Kisha raundi ya pili isubiri wiki nzima.

Kufungwa uwanjani kunauma, lakini mashabiki hukubali. Kufungwa na karatasi, hapana.