Swichi kuu isiushinde waya



Wenye nyumba na karakana katika komini ya Bungulu, mjini Beni, wanapaswa kuelewa kwamba swichi kuu ya kujikata, yaani ile inayozima umeme wa jengo zima mzigo unapozidi, huwekwa kwanza ili kuulinda waya unaotoka kwenye mita. Waya wa shaba wa milimita mraba 6, ukipitishwa ndani ya bomba ukutani, hubeba takriban ampea 40 (ampea ni kipimo cha wingi wa mkondo wa umeme), ilhali swichi ya ampea 63, kwa kanuni za kimataifa, huweza kupitisha hata ampea 71 kwa saa nzima bila kujikata. Kwa hiyo fundi anayeweka swichi kubwa, kwa sababu tu ile ndogo ilikuwa ikijikata mara kwa mara, huku akiuacha waya uleule, ameiondoa kinga yenyewe: ganda la plastiki, linalohimili nyuzi 70 tu, hulainika, na moto huanzia ndani ya ukuta usikoonekana. Hilo ni baya kuliko giza. Ampea 63 zahitaji waya wa milimita mraba 16, na zaidi mita ikiwa mbali, kwa kuwa umeme hupungua nguvu njiani. Mwenye nyumba na asome unene ulioandikwa juu ya waya kabla ya kumlipa fundi.