Kabla ya kugawa tableti, tuchore kwanza ramani ya masomo yetu

Chukua swali hili la hesabu, la aina ambayo watoto wa darasa la tano la msingi hukutana nayo mara nyingi. Mama ana kilo 5 za unga. Asubuhi anapika nusu ya kilo, jioni anapika theluthi moja ya kilo. Anabakiwa na unga kiasi gani? Ubaoni swali limeandikwa kwa Kifaransa. Mtoto mmoja anajibu 5/6. Mwingine anajibu 4 na 3/5. Mwalimu ana daftari 70 za kusahihisha kabla umeme haujakatika. Anawapa wote wawili sifuri na kuendelea.

Jibu sahihi ni 4 na 1/6. Lakini angalia vizuri yale makosa mawili, maana hayafanani hata kidogo. Mtoto wa kwanza amejumlisha nusu na theluthi bila kosa lolote, kwa hiyo sehemu anazijua. Kilichomshinda ni neno « reste » : hakuelewa kwamba anaulizwa kilichobaki, akaishia kwenye kilichopikwa. Wa pili ameelewa swali lote, akajua kwamba lazima atoe kwenye 5, ila amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, akapata 2/5. Mmoja anahitaji msaada wa lugha. Mwingine anahitaji kurudishwa nyuma kwenye somo la sehemu. Ukiwapa wote wawili zoezi moja la kurudia, angalau mmoja wao atapoteza muda wake bure.

Nimeanza na unga kwa sababu kwetu DRC mjadala kuhusu kompyuta shuleni huanza karibu kila mara na vifaa: tableti ngapi, paneli za jua ngapi, nani ametoa pesa, nani amekata utepe mbele ya kamera. Swali la nini hasa kitakuwa ndani ya hiyo tableti, na kama kitaweza kutofautisha watoto hawa wawili, huja mwisho au haliji kabisa. Mimi naona tumeshika mambo kwa mkia.

Wazo la masomo yanayomfuata kila mtoto pale alipo si geni. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida anayefundishwa na mwalimu wake peke yake, bila kuvushwa somo ambalo hajalielewa, anaweza kufikia kiwango cha juu kuliko 98 kati ya 100 wanaosoma katika darasa la kawaida. Wengine baadaye wamesema tofauti si kubwa kiasi hicho, na huenda wana haki. Lakini hakuna anayebisha jambo la msingi, na mzazi yeyote aliyewahi kumlipa mwalimu wa jioni analijua bila kusoma kitabu. Shida ni bei. Hakuna nchi inayoweza kumpa kila mtoto mwalimu wake, sembuse nchi yetu, ambapo elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Septemba 2019 imejaza madarasa hadi watoto wanakaa chini. Hapo ndipo watu walipoweka tumaini kwenye kompyuta.

Ila kompyuta ni mjinga mwenye mbio. Inaweza kusahihisha daftari 70 kwa sekunde moja na kutoa sifuri mbili zilezile alizotoa mwalimu. Ili ione tofauti kati ya 5/6 na 4 na 3/5, lazima mtu awe ameiambia mapema kwamba zoezi hili lina hatua tatu, kwamba hatua ya pili inategemea jedwali la kuzidisha, kwamba ndani yake kuna neno la Kifaransa ambalo mtoto wa Uvira huenda hajawahi kulisikia nyumbani. Mwaka 2001 Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika pamoja na wenzake James Hendler na Ora Lassila kuhusu wavuti wa maana, yaani kurasa ambazo mashine inaweza kuzielewa badala ya kuzionyesha tu. Ndoto yao haijatimia yote. Sehemu yake moja, hata hivyo, inafaa sana shuleni: kila somo, kila zoezi na kila neno kupewa alama inayosema ni kitu gani, kinategemea nini na kinaongoza wapi. Hiyo ndiyo ninayoiita ramani.

India wanaweza kutufundisha jambo hapa. Mjini Delhi, mwaka 2015, watafiti Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian walifuatilia vituo vya programu inayoitwa Mindspark, ambako watoto kutoka familia maskini walikuja siku 6 kwa wiki. Waligundua kwamba mtoto wa kawaida wa darasa la 6 alikuwa nyuma kwa zaidi ya madarasa mawili katika hesabu, na kwamba mwalimu wa shule aliendelea kufundisha kitabu cha darasa la 6 kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya miezi minne na nusu, waliopata nafasi kwa bahati nasibu walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika hesabu na pia katika Kihindi. Wanaouza tableti hupenda kutaja matokeo hayo na kunyamaza kuhusu mambo mawili. La kwanza, programu hiyo ilijengwa kwa takriban miaka 10 na ilikuwa na maswali zaidi ya 45,000 yaliyopangwa kwa viwango na kwa aina ya makosa. La pili, nusu ya kila kipindi cha dakika 90 mtoto hakuwa mbele ya kompyuta. Alikuwa katika kikundi kidogo na mtu wa kumsaidia.

Je, hatuwezi kuichukua ramani iliyokwisha kuchorwa kwingine? Sehemu yake, ndiyo. Kuna programu ya bure inayoitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality la Marekani, inayofanya kazi bila intaneti: kompyuta moja ndogo inatosha kusambaza video na mazoezi kwa darasa zima. Kwa nchi ambayo mzazi anapima mega kama anavyopima mafuta ya kupikia, hilo ni jambo kubwa. Lakini hata wenye Kolibri waligonga ukuta uleule. Wana maelfu ya masomo, na kila nchi ina mpango wake wa masomo. Kulinganisha kila video na kila sura ya programu ya taifa ni kazi ya mikono inayomaliza wiki na wiki. Mwishoni mwa 2022 waliitisha mashindano ya kimataifa kwenye jukwaa la Kaggle ili wataalamu wa kompyuta wawasaidie kuifanya kazi hiyo kwa mashine. Mashine inaweza kupendekeza kwamba video fulani inafaa sura fulani. Lakini kama hakuna aliyeandika sura zetu kwa namna ambayo mashine inaweza kuzisoma, itapendekeza kwa kulinganisha na nini?

Na hakuna atakayeziandika kwa niaba yetu, hasa upande wa lugha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema lugha za taifa au lugha za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia mwanzoni mwa shule. Katiba inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Hata tukichukua Kiswahili peke yake, kuna mtego. Vitabu vizuri vya hesabu kwa Kiswahili vipo Tanzania, na mtu wa ofisini ataona rahisi kuviingiza kwenye tableti na kusema kazi imekwisha. Lakini mtoto wa Lubumbashi anaongea Kiswahili na kuhesabu kwa Kifaransa katika sentensi hiyohiyo. Ukimwambia « theluthi » anaweza kukukodolea macho, na ukimwambia « un tiers » pia. Mwambie akate mkate mara tatu zilizo sawa na achukue kipande kimoja, atakuelewa papo hapo. Ramani nzuri inayaunganisha maneno yote matatu kwenye wazo moja, ili mtoto akikwama kwenye neno asihesabiwe kuwa amekwama kwenye hesabu. Kazi hiyo inahitaji mwalimu aliyekaa miaka 15 katika darasa la Kenya au la Katuba. Mhandisi wa California hawezi kuifanya, hata awe na akili namna gani.

Kuna upande mwingine, ule wa mitandao ya kijamii, na huko tumekwisha kuanza bila kuomba ruhusa ya mtu. Wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani wa serikali wanapiga picha zoezi la kemia, wanaliweka kwenye kundi la WhatsApp, na usiku huohuo mtu fulani anawajibu kwa sauti ya dakika tatu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, akieleza vizuri kuliko kitabu. Ndiyo masomo ya mtu binafsi kwa maana yake halisi! Kesho yake ile sauti imezama chini ya salamu, matangazo ya biashara na matokeo ya mpira. Mwaka ujao mwingine atauliza swali lilelile na huenda asipate wa kumjibu. Kama sauti ile ingewekwa mahali pake kwenye ramani, pamoja na somo inaloeleza, ingeweza kumfikia mtoto wa Kalemie aliyekwama palepale. Natoa onyo moja tu: tusiache dole gumba liamue. Maelezo yanayochekesha hupendwa kuliko maelezo ya kweli, kwa hiyo lazima mwalimu ayasikilize kwanza.

Huko mashariki jambo hili linabeba uzito zaidi. Familia inakimbia vita, mtoto anafika shule nyingine bila buletini, wakati mwingine kwa mara ya pili au ya tatu. Direkta anamuuliza alikuwa darasa la ngapi na kumweka hapo, au anamshusha kwa sababu ya umri na nguo. Maswali 20 yaliyochaguliwa vizuri kutoka kwenye ramani yangemwonyesha mwalimu kwa nusu saa kwamba mtoto huyu anajua kugawanya lakini hasomi vizuri, au kinyume chake.

Lakini mashariki hukohuko ndiko ningeogopa zaidi taarifa za watoto kuzagaa. Mashine inayomjua mtoto inajua pia shule yake, mtaa wake, lugha ya nyumbani na siku alizokosekana. Marekani, mradi wa inBloom uliopewa dola zipatazo milioni 100 kukusanya taarifa za wanafunzi ulikufa mwaka 2014, mwaka mmoja tu baada ya kuzinduliwa, kwa sababu wazazi walikataa. Sisi tuna Kodi ya Mambo ya Kidijitali ya Machi 2023 inayolinda taarifa za mtu binafsi. Iko kwenye karatasi. Kabla shule haijapokea programu yoyote, wazazi waambiwe taarifa zinakaa wapi. Na kwa maoni yangu zikae kwenye kompyuta ya shule, zisivuke mlango.

Najua nitakachojibiwa. Walimu hawajalipwa, madawati hayatoshi, kuna shule zinazofundisha chini ya turubai, na mwandishi anatuletea ramani. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema tuanze na ramani badala ya tableti. Tableti inataka umeme, kufuli na fundi. Ramani inaweza kuanza kwenye karatasi. Ukurasa mmoja unaomwambia mwalimu kwamba akiona 5/6 amwulize mtoto maana ya « reste », na akiona 4 na 3/5 amrudishe kwenye sehemu, unafanya kazi leo, hata gizani kwa mshumaa. Siku kompyuta zitakapofika, ukurasa huohuo utaingizwa ndani yake.

Waziri Raïssa Malu, aliyeingia wizara ya elimu mwaka 2024, amesomea fizikia. Sidhani kama anahitaji kuelezwa kwamba kupima huja kabla ya kutibu. Likizo kubwa ina wiki za kutosha. Wachaguliwe wakaguzi na walimu wachache katika kila eneo la lugha ya taifa, walipwe siku zao za kazi, wapewe sura moja tu, ile ya sehemu, kuanzia darasa la nne hadi la sita. Wakusanye daftari za mwaka uliopita kabla wazazi hawajaziuza sokoni kufungia karanga. Makosa wanayoyatafuta yamo humo ndani.