Misikiti na Makanisa ya Kale Yapitike kwa Wote

Mzee aliyezoea msikiti mmoja tangu ujana haachi kuswali miguu inapochoka. Anachoacha ni kwenda msikitini, kwa kuwa mlangoni pana ngazi na hakuna pa kushika. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwenye kiti mwendo akifika kwenye mlango kama huo huishia nje, au hubebwa mzobemzobe mbele za watu. Hiyo ni aibu yetu sisi wenyeji, na inaweza kuondolewa bila kuharibu urithi.

Wapo wanaosema jengo la kale lisiguswe kabisa. Hofu yao ina msingi. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa aina hiyo hupitisha unyevu ndani na nje. Ukipakwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya, lipu hubanduka na jiwe humomonyoka. Fundi anayemwaga zege mlangoni na kuligandisha ukutani anampa mlemavu njia leo na kuuachia msikiti ugonjwa kesho. Lakini dawa ya ufundi mbaya ni ufundi mzuri. Kuacha ngazi zilivyo hakumsaidii mtu.

Tena wazee wetu hawakuogopa kugusa majengo yao. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ulijengwa upya katika karne ya 18 na maandishi yake yakatunzwa. Walibadilisha kilichohitaji kubadilishwa na kulinda kisicho na mbadala. Nasi tufuate kipimo hicho hicho.

Mteremko mzuri wa kuingilia mlangoni, badala ya ngazi, huanza na hesabu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinadai mteremko wa mita 5.4, na vichochoro vyetu havina nafasi hiyo mbele ya mlango. Kwa hiyo msanifu atafute mlango wa ubavuni, aupitishe mteremko sambamba na ukuta, au aweke lifti fupi ya jukwaa. Popote utakapokaa, mteremko uwe na msingi wake, usiungane na ukuta, na uweze kuondolewa bila kuacha alama. Uwe na vishikio pande zote mbili. Kisha msanifu asisahau ndani: mahali pa kutawadhia pawe na kiti na bomba linalofikika, na kuwe na viti mwendo vya ndani ili magurudumu ya barabarani yasikanyage mazulia.

Mifano ipo. Makka, baina ya Safa na Marwa, kuna njia maalumu ya wenye viti mwendo. Kanisa Kuu la St Paul's jijini London, lenye zaidi ya miaka 300, lilifungua mwaka 2022 mteremko wa kudumu kwenye mlango wa kaskazini. Mahali hapo pawili hapajapungukiwa na utukufu.

Tunakiri kwamba si kila pembe itafikika. Vyumba vya chini vya Mkunazini, jirani na Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, vina ngazi za kushuka na dari fupi. Kuvipasua kutaharibu urithi wenyewe. Hapo mgeni apewe picha, sauti na mfano wa chumba wa kugusa kwa mkono, tena kwenye sakafu anayoifikia mwenyewe.

Jambo hili ni haki, si hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 inataja maeneo ya urithi waziwazi. Tunaitaka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe isipitishe mchoro wa ukarabati wa nyumba yoyote ya ibada ikiwa hauonyeshi mtu asiyepanda ngazi ataingia vipi. Kamati za misikiti na makanisa ziwaite watu wenye ulemavu wakati mchoro ungali mezani, maana wao ndio wanaojua mahali gurudumu linapokwama. Na wafadhili wanaotoa fedha za kupaka chokaa watenge fungu la mlango. Jengo linalotunzwa kwa fedha za wote liingiwe na wote.